Montmartre: Kilima cha Wachoraji au cha Mizinga?

Mgeni anayetembezwa Montmartre, jijini Paris, hukosi kumsikia akielezwa mambo mawili: kwamba hiki ni kilima cha wachoraji, na kwamba Sacré-Cœur, lile kanisa jeupe la kileleni, halihusiki na damu ya Komuni, uasi wa wakazi wa Paris dhidi ya serikali mwaka 1871.

La kwanza sina ugomvi nalo. Hadi 1860 Montmartre ilikuwa kijiji nje ya mipaka ya jiji. Mvinyo haukutozwa ushuru wa Paris, pango lilikuwa nafuu, na wasanii wakafuata unafuu. Renoir alipanga Rue Cortot. Picasso alichora *Les Demoiselles d'Avignon* mwaka 1907 katika jengo bovu la Bateau-Lavoir. Leo Place du Tertre pamejaa wachora sura za watalii, nami niliwapita haraka.

La pili ndilo lililonipandisha ngazi. Watetezi wa kanisa wanashika tarehe. Mfanyabiashara Alexandre Legentil aliweka nadhiri ya kulijenga kabla ya Komuni, Waprusia wakiwa wameizingira Paris. Komuni ilianza Machi 18, 1871. Basi, wanasema, kanisa haliwezi kuwa karipio kwa waasi.

Tarehe ni sahihi. Lakini vipi kuhusu kiwanja? Montmartre ilichaguliwa na Askofu Mkuu Guibert mwaka 1872, baada ya yote. Alfajiri ya Machi 18 askari wa serikali walipanda hapa kuchukua mizinga ya wanamgambo wa jiji. Wakazi, wanawake kwa wanaume, wakawazonga. Askari wakakataa kufyatua. Jioni majenerali wawili, Lecomte na Clément-Thomas, walikwisha kupigwa risasi, jirani kabisa na lilipo kanisa. Mwezi Mei serikali ikarudi na kuua maelfu ya watu katika juma moja. Mapokeo ya Mtakatifu Denis kukatwa kichwa kilimani hapa, yanayotajwa kuwa sababu ya kuchagua kiwanja, ni ya kale, nayaheshimu; ila kudai kwamba mwaka 1872 kuna Mparisi aliyetazama kilele kile asiikumbuke mizinga ni kutufanya watoto.

Wapinzani wa kanisa nao hawakusahau. Mwaka 1905 walisimamisha mbele yake sanamu ya kijana La Barre, aliyekatwa kichwa mwaka 1766 kwa kosa la kuikufuru dini; hata mtaa wa nyuma ya kanisa una jina lake.

Ukiingia ndani, inua macho juu ya altare. Mozaiki kubwa ina maandishi ya Kilatini yanayomkabidhi Kristo Ufaransa inayotubu. Toba ya nini? Legentil angejibu: dhambi za taifa zima. Mwashi wa Montmartre aliyefiwa na ndugu Mei ile angekuwa na jibu lingine, nami namwamini yeye.

Tangu 2004 bustani iliyo chini ya ngazi za kanisa inaitwa Louise Michel, mwalimu wa kilimani hapa aliyeipigania Komuni na kupelekwa uhamishoni New Caledonia mwaka 1873.