Walionyimwa Farasi

Tarehe 17 Mei 1875, mjini Louisville katika jimbo la Kentucky, farasi 15 walijipanga kwa mbio za kwanza za Kentucky Derby. Wapandaji 13 walikuwa Weusi. Mshindi, Aristides, alipandwa na Oliver Lewis; aliyemfunza farasi huyo ni Ansel Williamson, mtu aliyezaliwa utumwani.

Wakati ule hilo halikuwa ajabu. Kusini mwa Marekani kazi ya farasi ilikuwa ya watumwa: kulala nao bandani, kuwalisha, kuwakimbiza alfajiri, hata kuwapanda mbioni kwa faida ya bwana. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, ujuzi ulibaki mikononi mwao, na sasa ukawa na ujira. Katika Derby 28 za mwanzo, wapandaji Weusi walishinda 15.

Aliyewapita wote ni Isaac Murphy, mshindi wa 1884, 1890 na 1891. Hakuutegemea mjeledi. Alimtuliza farasi nyuma ya wenzake, akangoja, kisha akamwachia karibu kabisa na mwisho.

Mizani ndiyo iliyomshinda. Mpanda farasi hupimwa uzito pamoja na tandiko lake kabla ya mbio, ili ulingane na uliopangwa, na akimaliza hupimwa tena. Murphy alinenepa kila majira ya baridi, na msimu ukikaribia alijinyima chakula mpaka akadhoofu. Wapandaji wengine walivaa makoti mazito wakatembea maili nyingi ili jasho liwapunguze. Nimonia ilimuua Murphy mwaka 1896, hajafika hata miaka 40. Kwangu mimi hicho ni kifo cha kazini, sawa na cha mchimba madini aliyefukiwa na kifusi.

Pesa za mbio zilipoongezeka, ubaguzi nao ulikuwa ukikazwa nchini. Wapandaji Weupe wakaanza kuwabana Weusi kwenye uzio huku mbio zikiendelea, wakiwachapa mijeledi. Wenye farasi wakaogopa hasara. Haikuhitajika sheria ya kuwafukuza Weusi. Walinyimwa farasi tu, na mpandaji asiye na farasi hana kazi.

Jimmy Winkfield, mshindi wa 1901 na 1902, alihamia Urusi mwaka 1904, akatajirika. Mapinduzi ya Urusi yalipofika Odessa, alikokuwa wakati huo, mwaka 1919, yeye na wenzake waliswaga farasi zaidi ya 200 hadi Poland, njaa ikawalazimisha kuwala baadhi yao njiani. Baadaye alipanda na kufunza farasi Ufaransa. Mwaka 1961 alialikwa Louisville kwenye karamu ya heshima, lakini mlangoni mwa hoteli akazuiwa kwanza kwa sababu ya rangi yake. Alikuwa na umri wa miaka 79, na Derby mbili za mji huohuo ni zake.

Baada ya 1921, hakuna mpandaji Mweusi wa Marekani aliyeonekana kwenye Derby hadi Marlon St. Julien mwaka 2000, aliyemaliza wa saba. Tangu Winkfield aliposhinda mwaka 1902, hakuna Mmarekani Mweusi mwingine aliyeshinda mbio hizo.