Ionosfia: ilituletea redio, sasa inatutia makosa

Kama babu yako aliishi Sumbawanga, huenda aliisikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza 1957, kwenye masafa mafupi. Mawimbi yale yalifika Ufipa kwa kudundishwa na ionosfia, tabaka la hewa yenye chaji za umeme. Sasa sikia: tabaka hilohilo linawasumbua wapimaji wa hewa.

Aprili 1995 Marekani ilirusha setilaiti ya MicroLab-1. Ilinasa mawimbi ya GPS yakipenya hewa pembezoni mwa dunia. Kutokana na yalivyopinda, halijoto ikakokotolewa. Ila ionosfia nayo huyapinda. Bahati nzuri GPS hutuma masafa mawili, megahezi 1575.42 na 1227.60. Hewa ya chini huyapinda sawasawa, ionosfia huyapinda zaidi yale ya 1227.60. Mwaka 1994 Warusi Vorob'ev na Krasil'nikova walionyesha namna ya kuzioanisha pembe hizo mbili ili kuiondoa ionosfia.

Siyo yote, lakini. Mawimbi hayo hayapiti njia moja kabisa, na makosa yanayobaki hukua jua linapochachamaa, kila miaka 11 hivi. Unaweza kudhani hewa ya juu ya kilomita 30 imebadilika joto, kumbe ni jua tu. Tangu 2019 setilaiti sita za COSMIC-2 zinapima hewa ya tropiki, Ufipa ikiwemo, na huku kwetu ndiko ionosfia ilikojaa zaidi.