Bunduki ipi yafaa kulinda mifugo dhidi ya simba, chui na fisi?

Na Mwandishi Wetu, Lindi

MFUGAJI wa Kitomanga, mkoani Lindi, anapoamka alfajiri na kukuta zizi limebomolewa na mbuzi watatu hawaonekani, jambo la kwanza linalomjia akilini ni bunduki. Majirani nao humshauri hivyo hivyo, kila mmoja akiitaja ile anayoifahamu: gobore aliloliacha marehemu babu, bunduki ya marisau ya mstaafu fulani, au raifali ya askari wanyamapori. Silaha hizo hazifanani kwa nguvu wala mbele ya sheria, na anayekosea kuchagua aweza kupoteza zaidi ya mbuzi.

Kitomanga ipo kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi, katika ukanda ambao kwa miaka mingi ulikuwa na ng'ombe wachache kwa sababu ya mbung'o. Hali ilianza kubadilika baada ya mwaka 2006, wakati Serikali ilipowaondoa wafugaji katika bonde la Usangu na Ihefu, mkoani Mbeya, na makundi makubwa ya ng'ombe yakaelekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Wanyama wakali walikuwako kabla ya ng'ombe hao. Upande wa magharibi wa ukanda huu kuna misitu inayoungana na Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019.

Simba wa kusini wana historia nzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Profesa Craig Packer na wenzake ulionyesha kuwa kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 nchini na kujeruhi zaidi ya 300, na wilaya za pwani ya kusini, zikiwamo Rufiji na Lindi, ndizo zilizoathirika zaidi. Matukio mengi yalitokea msimu wa mavuno, kati ya Machi na Mei, wakulima wanapolala mashambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Simba huwafuata nguruwe hao hadi shambani, na huko humkuta binadamu. Simba mmoja wa Rufiji, aliyepewa na wananchi jina la Osama, alihusishwa na vifo vya watu zaidi ya 30 kabla ya kuuawa Aprili 2004. Alipochunguzwa alikutwa na jino la gego lililopasuka na kutunga usaha.

Takwimu hizo zinahusu watu, lakini zinamgusa pia mwenye mifugo, kwa kuwa anayetoka gizani na bunduki kufuata kelele zizini huwa amejiweka katika njia ya simba huyo huyo.

Silaha iliyozoeleka zaidi vijijini ni gobore. Hushindiliwa baruti na vipande vya chuma au goroli kupitia mdomo wa mtutu, kisha huwashwa kwa fataki. Kwa nguruwe aliye karibu laweza kufaa. Kwa simba, hesabu yake inatisha. Simba anayeshambulia hukimbia zaidi ya kilometa 50 kwa saa, maana yake mita 50 huzimaliza kwa sekunde tatu au nne. Mwenye gobore ana mlio mmoja tu, na kulishindilia tena huchukua nusu dakika kwa mkono mwepesi, mchana, bila hofu. Unyevu wa pwani nao huharibu baruti. Tena magobore mengi hutengenezwa na wahunzi wa mitaani na hayana leseni, hivyo mwenye nalo ni mkosaji hata kabla hajalifyatua. Serikali imekuwa ikitoa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha za namna hiyo kwa hiari, na mwenye gobore la urithi afadhali avitumie.

Bunduki ya marisau, hasa ile ya namba 12, ndiyo inayomfaa mfugaji wa kawaida aliyepata kibali. Risasi yake moja hubeba chembe nyingi za risasi, na zile kubwa kubwa huwa takriban tisa kwa ganda. Kwa fisi au chui aliye ndani ya mita 30 zina nguvu ya kutosha. Zaidi ya mita 40 hutawanyika na kupoa, jambo ambalo ni udhaifu kwa mwindaji lakini ni heri kijijini, kwa kuwa chembe hizo haziendi mbali kumtafuta asiyehusika. Mlio wake pekee hutosha mara nyingi kumfukuza fisi. Kwa simba dume mwenye kilo 180 au zaidi, chembe hizo zaweza kumjeruhi tu, na simba aliyejeruhiwa akaingia kichakani ni balaa kwa kijiji kizima. Chui naye akishajeruhiwa hujilaza kimya, akamsubiri anayemfuata.

Raifali ndiyo silaha ya simba. Askari wanyamapori na wawindaji wa kitaalamu hutumia kaliba nzito kama .375 na .458, zenye risasi nene inayopenya misuli na mifupa. Ndogo kama .22 haifai kabisa kwa kazi hii, ingawa bei yake huwavutia wengi. Ila raifali ina tatizo ambalo wauzaji hawalitaji: risasi yake husafiri kilometa kadhaa. Katika vijiji vya Lindi, ambako watu hulala kwenye madungu yaliyotawanyika mashambani, risasi iliyomkosa mnyama usiku haina anayejua itaishia wapi. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kumwachia kila mfugaji silaha hiyo ni kuongeza hatari, na simba aachiwe askari. Kazi hiyo ina wenyewe tangu enzi za ukoloni, alipokuwapo bwana nyama C.J.P. Ionides wa Liwale, ambaye miongoni mwa majukumu yake ilikuwa kuwasaka simba wala watu.

Bunduki za kivita kama SMG raia hapewi leseni yake kwa sababu yoyote.

Umiliki wa silaha unatawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Maombi huanzia serikali ya kijiji na kupitia kamati za ulinzi na usalama pamoja na Jeshi la Polisi. Mwombaji hutakiwa kuonyesha sababu, tabia njema na ujuzi wa kuitumia silaha, na huwajibika kuihifadhi mahali palipofungwa. Safari hiyo ni ndefu, fisi hasubiri.

Ndiyo maana zizi lenyewe linastahili kutangulia bunduki. Huko Simanjiro, mkoani Manyara, wafugaji wamejenga kuta hai kwa kupanda miti inayoshikilia uzio wa waya, na mashambulizi ya usiku yamepungua sana. Kwa nyegere na kicheche wanaovamia kuku, bunduki ni kichekesho. Banda lenye sakafu ngumu na mlango wa mbao nzito latosha.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 haimhesabu kuwa mkosaji mtu aliyemuua mnyama kwa kulinda uhai au mali yake, alimradi hakumchokoza. Lakini sumu na mitego ya kujifyatua ni marufuku, na mnyama aliyeuawa ni nyara ya Serikali: ngozi, kucha, meno na hata mafuta. Mfugaji anayechuna ngozi ya chui aliyemuua kihalali na kuificha darini hugeuka mtuhumiwa wa ujangili. Taarifa itolewe mara moja kwa mtendaji wa kijiji, ofisa wanyamapori wa halmashauri au Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA).

Taarifa hiyo pia ndiyo mlango wa kifuta jasho kwa mifugo iliyoliwa na kifuta machozi kwa familia iliyofiwa, chini ya kanuni za mwaka 2011 zilizoweka shilingi milioni moja kwa kifo cha mtu. Malalamiko ya kuchelewa kwa malipo hayo yamesikika bungeni mara nyingi. Mizoga isiondolewe, wala nyayo zisifagiliwe, kabla ofisa hajafika kuthibitisha ni mnyama gani aliyefanya uharibifu.