Mtumbwi huanza kufa kwenye ncha

Fundi mmoja mzee kule Kigamboni aligonga omo la ngalawa kwa mpini wa tezo, kisha akaniambia, "Sikia mwenyewe, mwanangu. Hapa pamekwisha."

Ngalawa huchongwa kwenye gogo moja, mara nyingi mwembe. Omoni na tezini nyuzi za mti zimekatwa, kwa hiyo mti hunywa maji kupitia hapo, na jua likiwaka hupasuka. Ongeza kuburutwa mchangani kila siku. Ubavu unaweza kuwa mzima kabisa, ncha imekuwa unga.

Kuitengeneza kunataka roho ngumu. Unakata ubovu wote mpaka ufike mti mzima. Hapa wengi huona huruma, wakabakiza kidogo, na uozo ukaendelea chini ya kiraka. Halafu unachonga kipande kipya kwa mshazari kilalie kile cha zamani, unapiga misumari, unakalafati maungio kwa pamba na mafuta. Pamba na misumari fundi wangu huvifuata Kariakoo.

Ukienda Kariakoo kutoka Magomeni unakatiza Jangwani. Siku hizi jina hilo ni Yanga, mikutano ya siasa na mafuriko basi. Lakini ni bonde la Mto Msimbazi, unaomwaga maji baharini pale Daraja la Salenda, na kabla Sultani Majid hajaanza kujenga mji wake miaka ya 1860, hapa jirani palikuwa Mzizima, kijiji cha wavuvi. Desemba 2011 maji yalipanda, watu wakakaa juu ya mapaa wakisubiri kuokolewa. Baadaye wengi walihamishiwa Mabwepande, mbali kabisa na mji. Mji wa wavuvi, na majini tulikuwa wageni!

Hata maneno yametutoka. Kamusi ya Johnson ya 1939 inayo gubeti, hanamu, fashini, deheni, yote ya chombo. Niliwauliza wenzangu chumba cha habari, hakuna aliyejua hata moja. Mimi mwenyewe, na shahada yangu, nilikuwa nimeshaandika "sehemu ya mbele ya mtumbwi".

Fundi ana vijana wawili, wote waendesha bodaboda. Nilimuuliza tezo atamwachia nani. Akasema nishike upande wa pili wa kile kipande, kilikuwa bado hakijakaa sawa.