Kufuli ya Wenyewe na Kufuli ya Wageni

Kabla app ya benki itume PIN yako, simu na seva hupiga stori kidogo. Simu inaanza: "Sasa, hizi ndizo aina za kufuli ninazojua." Seva inachagua moja, inaonyesha cheti chake, halafu wanakubaliana ufunguo wa siri. Yote haichukui hata sekunde. Hiyo stori inaitwa TLS, na historia yake ina siasa chafu.

Rudi 1995. Kampuni ya Netscape huko California imetoa SSL, babu ya TLS, ndio watu wanunue vitu kwa intaneti bila namba ya kadi kuibiwa njiani. Poa kabisa. Lakini sheria ya Marekani wakati huo ilihesabu programu za kuficha siri kama silaha. Si mzaha: zilikuwa kwa orodha moja na vifaru na makombora. Kwa hivyo Netscape wakatoa matoleo mawili: la nyumbani lenye ufunguo wa biti 128, na la kimataifa lenye biti 40 tu za siri. Nairobi, Paris, Tokyo, sisi sote tulikuwa wageni.

Na usidhani 40 ni kama theluthi ya 128. Kila biti unayoongeza inamzidishia mwizi kazi mara mbili. Biti 40 ni kama funguo trilioni moja, na kompyuta zinaweza kuzijaribu zote. Agosti mwaka huo huo, Mfaransa Damien Doligez alitumia kompyuta kama 120 na akafungua ujumbe mmoja kwa siku 8. Sasa fikiria serikali yenye bajeti yake. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya sheria yenyewe.

Kufikia 2000 sheria ilikuwa imelegezwa, na watu wakasahau. Lakini kwa seva nyingi, zile kufuli za wageni hazikutolewa. Unajua vile huwa: inafanya kazi, usiiguse.

Machi 2015 watafiti wakatangaza shambulio walilolipa jina FREAK. Mtu anakaa katikati, tuseme kwa waifai ya mkahawa, anabadilisha ile salamu ya kwanza na kuiambia seva, "Nipe ile ya wageni." Seva inatoa ufunguo wa RSA wa biti 512, kipimo cha ile sheria ya zamani. Simu, kwa sababu ya kasoro kwa programu, inaupokea hata kama haikuuomba. Kuuvunja? Saa chache kwa kompyuta za kukodi, kama dola 100. Safari ilikuwa wazi, kivinjari cha Android pia, na kati ya seva zilizopatikana kulikuwa na tovuti ya NSA, majasusi wa Marekani wenyewe. Hapo nilicheka, siwezi danganya. Mei ikafuata Logjam, mchezo ule ule kwa njia nyingine ya kukubaliana ufunguo.

TLS 1.3 ya 2018 ilifagia takataka nyingi za aina hiyo. Lakini bado kuna serikali zinazoomba "mlango wa polisi pekee" kwenye app za kuchat, na kila nikisikia hivyo nakumbuka biti 40. Wale wa 1995 pia walidhani wao pekee ndio wangeutumia udhaifu huo. Miaka 20 baadaye, ungeweza kuutumia ukiwa umeketi mkahawani.