Mimea na beseni la maji kwenye nyumba ndogo: jinsi ya kupamba bila kufuga mbu

Ikiwa unaishi Nakivale au katika makazi mengine ya wakimbizi hapa Uganda, huenda uligawiwa kiwanja cha mita 30 kwa 30, au kidogo kuliko hicho. Ukitoa nyumba, jiko, choo na mahali pa kuanika nguo, mbele ya mlango zinabaki hatua chache tu. Hatua hizo zinatosha kwa mimea ya kwenye vyombo, na hata kwa bustani ndogo ya maji. Tunaanza na maji yenyewe kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapokosea.

Nitapata wapi maji ya bustani?

Kiwango cha chini ambacho mashirika hukitumia wakati wa dharura ni lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa, kupika na usafi. Maana yake, beseni la lita 40 linameza mgao wa zaidi ya watu wawili. Usilijaze kwa maji ya bomba ambayo mtoto wako ameyapangia foleni asubuhi nzima. Tumia maji ya mvua.

Hesabu yake ni rahisi. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya bati, inatoa lita 1. Bati la nyumba ya mita 4 kwa 5 ni mita 20 za mraba, kwa hiyo mvua moja ya milimita 10 inaleta karibu lita 200. Ukitoa yanayomwagika pembeni, bado unaweza kujaza jerikeni saba au nane za lita 20. Kipande cha bati kilichokunjwa kinatosha kuwa mfereji. Maji ya kwanza yaache yapite, kwa sababu yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Chombo unachohifadhia maji kiwe na kifuniko.

Kusini magharibi mwa Uganda mvua hunyesha hasa kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi mwishoni mwa mwaka. Anza bustani ya maji mwanzoni mwa msimu, si mwezi wa Juni.

Mimea ya kwenye udongo haihitaji maji safi. Maji yaliyooshea mboga au vyombo yanafaa. Yaache yapoe, yamwage kwenye udongo na si juu ya majani, na yasiwe na jiki wala mafuta mengi.

Vyombo gani vinafaa?

Jerikeni lililopasuka, beseni bovu, kopo la mafuta la lita 4, gunia, sufuria iliyotoboka: vyote vinafaa. Kisichofaa ni chombo kilichokuwa na dawa ya kuulia wadudu au magugu, hata ukikiosha mara kumi. Usikitumie kwa kitu chochote. Ukikata bati au kopo, kunja ukingo kwa ndani ili usikate mkono wa mtoto.

Toboa matundu chini ya kila chombo cha udongo. Mimea mingi ya nyumbani hufa kwa kuoza mizizi, si kwa kiu, na tundu moja la msumari halitoshi. Weka mawe madogo chini, kisha udongo uliochanganywa na mbolea ya ng'ombe au mbuzi iliyooza vizuri.

Tena, usiegemeze chombo chenye maji kwenye ukuta wa udongo. Unyevu hupanda ukutani polepole, na siku ya mvua kubwa kona ya nyumba hudondoka. Acha nafasi ya kupita mtu.

Gunia linafaa sana pale nafasi ilipo ndogo kabisa. Chukua kopo lisilo na kifuniko wala kitako, lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze kokoto, kisha jaza udongo pande zote. Vuta kopo juu, rudia, mpaka gunia lijae na katikati ibaki nguzo ya kokoto. Maji unayamwaga juu ya nguzo hiyo nayo yanafika chini. Toboa pembeni matundu yaliyoachana kama shubiri moja, upande miche ya sukuma wiki au lengalenga. Ni pambo, na jioni ni mboga.

Bustani ya maji isiyo na mbu

Hapa tunaomba usome kwa makini. Mbu anayeeneza malaria hupenda maji yaliyotulia, tena yaliyo safi. Yai likitagwa leo, mbu kamili anaweza kuruka ndani ya siku 7 hadi 14, na joto likizidi huwahi zaidi. Kwa hiyo beseni zuri la maua mlangoni, likiachwa lenyewe, linaweza kuwapa malaria watoto wako na wa jirani. Mimi niliwahi kuweka beseni la namna hiyo nikajisifu nalo wiki tatu. Jirani ndiye aliyeinama akanionyesha viluwiluwi.

Njia tunayoipendekeza kwanza ni bustani ya matope. Chukua jerikeni lililokatwa sehemu ya juu, au beseni lisilo na tundu. Jaza udongo mzito mpaka zibaki sentimita 5 hivi kufika ukingoni. Juu yake tandaza kokoto. Toboa tundu moja ubavuni, chini kidogo ya usawa wa kokoto, ili mvua kubwa isijaze chombo kupita hapo. Mwagilia mpaka udongo uloe kabisa, lakini maji yasionekane juu ya kokoto. Mbu hana mahali pa kutaga, mtoto hana pa kuzama, na mmea unajiona uko bondeni.

Ndani yake panda magimbi, ambayo Warundi na Wanyarwanda wanayaita amateke. Majani yake mapana yanapendeza kuliko maua mengi ya dukani, na kiazi chake kinaliwa. Ila yasiliwe mabichi: majani na viazi vya magimbi huwasha vibaya mdomo na koo mpaka viive sawasawa. Mafunjo hatuyashauri. Yanapendeza ziwani, lakini hurefuka kupita paa lako.

Kama unataka maji yanayoonekana, una njia mbili. Ya kwanza ni kumwaga maji yote mara moja kila wiki, kwa siku ileile, na kusugua kuta za ndani kwa brashi, kwa sababu kuna mbu ambao mayai yao hung'ang'ania ukutani. Maji hayo mwagia mboga. Ya pili ni kuweka samaki wadogo wawili au watatu, kama ngege, wanaokula viluwiluwi. Watafute kwa wanaofuga samaki kwenye mabwawa. Usichukue vifaranga ziwani, kwani sheria ya uvuvi hairuhusu kuvua samaki wachanga. Ukilazimika kutumia maji ya bomba yenye klorini, yaache wazi siku nzima kabla ya kuweka samaki. Hata ukiwa na samaki, chungulia kila wiki. Ukiona viluwiluwi, samaki hawatoshi au wamekufa.

Mtoto anayetambaa anaweza kuzama katika maji ya sentimita chache tu. Beseni la wazi lifunikwe kwa wavu wa chuma, au ujaze mawe makubwa mpaka maji yabaki katikati ya mawe. Kama kuna mtoto chini ya miaka mitano nyumbani, sisi tungebaki na bustani ya matope.

Usichukue gugu maji, lile lenye maua ya zambarau, ulipande nyumbani. Lilitoka Amerika ya Kusini, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 limewasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria. Likisombwa na mvua kutoka uani kwako litafika bwawani. Mimea mingine ya ziwani nayo inaweza kubeba konokono wa kichocho.

Ndani ya nyumba

Dirisha likiwa dogo, weka mmea karibu nalo, si kwenye kona ya giza. Kiazi kitamu kilichozamishwa nusu ndani ya kopo la maji hutoa mizabibu mirefu ambayo unaweza kuitambaza juu ya kamba ukutani. Ziba mdomo wa kopo kwa kitambaa na ubadilishe maji kila wiki. Baadaye kata mizabibu uipande nje, utakula matembele.

Watu wengine wanaogopa kulala na mmea, wakisema unaiba hewa usiku. Kiasi unachotumia ni kidogo sana, hakina madhara. Kinachoua ni jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, na hakuna mmea unaoweza kusafisha moshi huo. Litoe nje kabla ya kulala.

Angalia pia kilichopo uani tayari. Utomvu mweupe wa mnyaa, ule wa uzio wenye vijiti vya kijani bila majani, ukiingia machoni unaweza kumfanya mtu apoteze uwezo wa kuona. Osha kwa maji mengi na uende kituo cha afya mara moja. Mbegu za mbarika zina sumu kali, na watoto huzipenda kwa sababu ya madoa yake. Zote mbili ziondoe mahali wanapocheza.

Mtu wa nyumbani akipata homa, bustani iwe na viluwiluwi au isiwe navyo, usingoje. Mpeleke kwa mhudumu wa afya wa kijiji au kituo cha afya akapimwe malaria siku hiyohiyo.