Wafua Chuma wa Buhaya

Yatajwapo machimbo ya Mkoa wa Kagera, fikra za vijana wetu huelekea upesi kwenye dhahabu ya Tulawaka, wilayani Biharamulo. Mgodi huo ulianza uzalishaji mwaka 2005 chini ya kampuni ya kigeni, na mwaka 2013 ukachukuliwa na Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, likaukabidhi kwa kampuni yake tanzu ya STAMIGOLD. Wengine watakumbuka bati ya Kyerwa. Ni wachache watakaotaja chuma, ingawa chuma ndicho kilichochimbwa hapa kwanza, na waliokichimba hawakuwa na mtaji wa mtu yeyote ila makaa, udongo na maarifa yao.

Kusini mwa mji wa Bukoba, katika kijiji cha Katuruka huko Maruku, palikuwa na mti mkubwa ulioheshimiwa ukiitwa Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma. Wazee walisimulia kwamba Omukama Rugomora Mahe, aliyetawala Kyamutwara yapata karne ya 17, alitamani kujua mbingu zilivyo. Akawaita wafua chuma wamjengee mnara wa kupandia huko. Nao mnara ukaanguka. Msomaji wa leo aweza kucheka. Lakini mwaka 1970 hivi, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifanya jambo ambalo watangulizi wake wengi hawakulifanya: aliwasikiliza wazee, akawaomba wamwonyeshe mahali penyewe, akachimba papo hapo. Chini ya ardhi alikuta mabaki ya ufuaji wa chuma ya zaidi ya miaka 2,000, ya kale kuliko Rugomora Mahe mwenyewe kwa karne nyingi sana. Hadithi ya mnara ilikuwa imebeba kumbukumbu ya kazi iliyofanyika mahali pale kabla ya ukoo wa wafalme wake kuwako.

Inafaa tukumbuke kwamba katika miaka hiyo vitabu vingi vilifundisha kuwa Mwafrika wa kusini ya Sahara alipewa elimu ya chuma na wengine, na mji wa Meroe wa Sudan ukitajwa kama mlango wa elimu hiyo. Katuruka, na baadaye machimbo ya Kemondo, kando ya Ziwa Viktoria katika njia iendayo Muleba, yalitia dosari kubwa katika mafundisho hayo.

Kazi yenyewe ilikuwaje? Mwaka 1976 Schmidt na mwenzake Donald Avery, mtaalamu wa madini, waliwaomba wazee wa Kihaya wayeyushe chuma tena. Wazee hao walikuwa wakulima, na tangu walipoiona kazi hiyo ujanani ilikuwa imepita takriban miaka 50. Majaribio ya kwanza hayakufaulu vizuri. Walibishana, wakasahihishana, mikono ikakumbuka taratibu. Walichimba shimo, wakalisiliba kwa udongo wa kichuguu, na juu yake wakajenga tanuri kwa mavi ya chuma ya zamani na udongo huo huo. Ndani ya shimo walichoma matete ya bwawani mpaka yakawa meusi, ndipo wakaweka makaa na mawe ya chuma yaliyokwisha kuchomwa kwa kuni. Mirija minane ya udongo iliingizwa mpaka ndani kabisa ya tanuri, na mivukuto ya ngozi za mbuzi ikavukutwa kwa saa nyingi, huku nyimbo zikiimbwa. Mwishoni bonge la chuma lilitolewa, na sehemu yake ilikuwa chuma cha pua.

Watafiti walitangaza mwaka 1978 kwamba joto lilizidi nyuzi 1,800 za Selsiasi, wakasema hewa ilipashwa moto ndani ya mirija kabla haijafika motoni. Wataalamu wengine walilipinga dai hilo la pili, na ubishi ukaendelea kwa miaka. Kwangu mimi ubishi huo haupunguzi kitu: wazee walitoa chuma, na watu waliona.

Kundi la wafuaji lilikuwa kama kampuni ndogo isiyo na cheti. Kulikuwa na fundi mkuu, wachoma makaa, wachimba mawe na wavukutaji, na wote walishika miiko, mmojawapo ukiwa kujitenga na wake zao wakati wa kazi. Hata hivyo tusiwapambe wazee wetu kupita kiasi. Makaa yalitoka msituni, na watafiti wameona kwamba misitu ya kandokando ya ziwa ilipungua sana enzi zile za kale.

Baada ya Emin Pasha kujenga kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, majembe ya bei nafuu kutoka ng'ambo yalizidi kuingia, na tanuri zikapoa moja baada ya nyingine. Pigo la pili halikutokana na biashara. Ukimwi, uliotambuliwa Kagera mwaka 1983, uliwachukua wengi ambao wangeyapokea masimulizi kutoka kwa wazee na kuyarithisha. Mwishoni mwa miaka ya 2000 wanakijiji wa Katuruka walianza kuwatafuta waliosalia wenye kuyajua, wakaandika walichosikia, wakapafanya mahali pale pa kupokelea wageni na wanafunzi. Mavi ya chuma ya zamani yangali yakiokotwa migombani, na mtoto aliyeelekezwa hulitambua pande lake kwa uzito mara alishikapo.